Mwani Uliokatwa na Mbegu Zake

Mwani ulikuwa na mbegu, na lori lilikuwa linaondoka saa nane.

Idriss alisimama uani kwake mtaani Makomeno, Lubumbashi, simu sikioni. Upande wa pili, pwani ya Tanga, shangazi yake Alima alikuwa juu ya mwamba pamoja na wanawake wanane, visu mikononi. Katika ukoo wao hakuna binti aliyeozwa bila jeli ya mwani mwekundu wa mwamba ule, hata baada ya babu kuhamia Lubumbashi. Mawazo, binti mkubwa wa Idriss, alikuwa anaolewa baada ya siku kumi na mbili. Safari ya lori kutoka Tanga, kupitia mpaka wa Mokambo, ilikuwa siku kumi.

"Matawi yote yana vipele," alisema Alima. "Mbegu zimo humo. Tumeshachomeka kijiti chenye kitambaa, na kikiwa pale hakuna anayekata. Nipe wiki mbili zimwagike."

"Wiki mbili harusi imepita, shangazi! Kata tu. Iko sawa na mboga ya lengalenga: unakata leo, kisha inatoka ingine."

Mkewe Yasmine, aliyekuwa anasugua masufuria, akacheka. "Bahari uliionaka wapi, Papa Mawazo? Ku televizyo?"

Idriss akampa mgongo.

"Basi tukate nusu," Alima alisema.

"Nusu haitoshi. Nimealika bantu mia moja na makumi mbili."

"Maji yananirudia, Idriss, yamefika magotini. Sema. Lakini ujue ni wewe uliyesema."

Akilini Idriss aliwaona wakwe mezani, bakuli halipo, wakitazamana.

"Kateni. Yote."

Katikati ya mlio wa mawimbi akamsikia Alima akiwaambia wenzake, "Ng'oeni kijiti."

Siku ya harusi jeli iliganda vizuri. Watu walilamba vijiko.

Mwaka uliofuata, msimu ule ule, wanawake walishuka mwambani mara tatu. Alima alituma picha bila neno: jiwe tupu.

Magunia manne yalikatwa. Mabakuli mia moja na ishirini yaliisha kwa robo saa. Wanawake tisa sasa wanatembea mwendo wa saa mbili kwenda kuomba mwani kwenye mwamba wa watu wengine. Miezi kumi na minne Alima hajapokea simu ya Idriss. Na binti wa pili wa Idriss, aliyechumbiwa mwezi jana, ataolewa bila jeli.