Mfuko wa Mzazi

Usingizi ulimkimbia Zaituni tangu paka wake wawili walipopatwa na maradhi yasiyopona wala kuua. Mmoja, Pasha, figo zake zilikuwa zimechoka; asubuhi na jioni lazima atiwe maji kwa sindano chini ya ngozi. Wa pili, Bibie, alikuwa na kifafa. Daktari wa mifugo pale Gitega, mtu wa ng'ombe na mbuzi, alimfundisha kushika sindano kisha akamwambia, "Mama, hii iko kazi ya maisha." Majirani wa mtaani kwake Magarama wakamcheka: paka gani hao wanatunzwa kuliko watu? Wacheke! Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Basi binti yake Raissa, aliyeolewa Muyinga, akakaribia kujifungua. Mama mtu ndiye wa kumkanda mzazi na kumpikia uji, hilo halina mjadala. Zaituni aliahidi kumtangulia mtoto. Lakini Bibie akaanguka, akaanguka tena, na mtoto akamtangulia yeye. Mwishowe akawatia paka kikapuni, akafunga mfuko, akapanda gari.

Njia nzima alisinzia macho wazi. Ukungu wa Karuzi uliingia dirishani ukamkalia mapajani, au ni Pasha? Milima ilipita taratibu, ikipumua, na mikaratusi ikambembeleza kwa sauti ya marehemu mama yake: lala, mwanangu, lala. Hakuthubutu. Mkono wake ulibaki kikapuni mpaka Muyinga.

Alipokewa kwa vigelegele. Bi Riziki, mama mkwe wa Raissa, akamtandikia mkeka. "Haya, mama wa Gitega, tuone ulichomletea mzazi wetu!"

Ndiyo desturi, mfuko hufunguliwa mbele ya watu. Zaituni akaufungua kwa madaha. Yakatoka matambara. Ikatoka mirija ya sindano, chupa ya maji ya dawa, ndagala, dagaa wa paka, waliotwangwa. Unga wa uji, mafuta ya kukandia, vitenge vya mtoto, vyote alikuwa amevisahau Gitega. Lahaula!

Bi Riziki akajifanya anakohoa.

"Mama," Raissa akasema, mtoto kifuani, "mara ya mwisho umelala lini?"

Hapo machozi yakamtoka Zaituni. "Mi nimechoka nao, Raissa. Siku zingine namwomba Mungu awachukue. Halafu mmoja akizidiwa, namwomba tena asimchukue. Mi ni mtu gani?"

"Huyu jana amelia mpaka nikatamani nimgawe kwa mpita njia," Raissa akasema, akambusu mtoto utosini. "Panda hapa kitandani."

Hata Bi Riziki akacheka. Akalichukua bakuli la uji wa pilipili manga, uji wa mzazi, akampa Zaituni. "Kunywa, mkwe. Kisha unionyeshe sindano inaingia wapi."

Zaituni akamwonyesha, akanywa, akajilaza ubavuni mwa mjukuu.

Alasiri Bibie alianguka tena. Bi Riziki akamshika kichwa kwa pindo la kitenge chake mpaka kifafa kikapita. Zaituni hakuamka. Alikuwa anakoroma, mdomo wazi, na Raissa akamkataza kila mtu kumwita.