Mimea Isiyotaka Mtu

Tangu Sista ateleze bafuni akavimba kifundo cha mguu, binti yake wa pekee, mpima ardhi anayeishi mji mwingine, alikuwa na wimbo mmoja tu: Mama ahamie kwake. Mama hataki ng'o. Alikuwa nesi miaka thelathini na minne hadi kustaafu, wodi nzima ikimwogopa, halafu leo aambiwe hawezi kujitunza!

Siku moja binti akaja na miche sita ya majani ya rangi: mekundu, ya zambarau, ya manjano yenye milia.

"Hii hata mvivu anaiweza, Mama. Nikija baada ya miezi mitatu nikaikuta hai, sikusumbui tena. Ikifa, unafunga virago."

"Nimeuguza mahututi, sembuse majani?"

Akaipanda chini ya dirisha, akaipa namba za vitanda na kuifungulia daftari. Maji asubuhi, mchana na jioni. Jani likinywea, maji. Likisimama, maji ya kulipongeza. Wiki ya tatu Kitanda Namba Mbili alifariki, na Sista akaandika saa. Namba Tano akafuata, shina limeoza tepetepe.

Hapo Sista aliogopa kweli. Alijiona yuko chumba cha wageni kwa binti yake, anaulizwa kama amekwenda haja. Akamwita muuza miche wa njia panda, ambaye alichomeka kidole kwenye udongo akaguna.

"Shangazi, umeizamisha. Dawa yake ni kuiacha."

"Kuiacha vipi?"

"Usifanye kitu."

"Mara ngapi kwa siku?"

Muuza miche alichomoa kisu mfukoni. Kisha akakata vichwa vya mimea iliyobaki, akavichomeka kwenye udongo mkavu, akaondoka na kopo la kumwagilia.

Sista hakuwahi kuwa na zamu ngumu kama ile. Alikaa dirishani, mikono kakunja, daftari gotini. *Saa mbili: sijafanya kitu. Saa nane: sijafanya kitu, nimejizuia.*

Binti alipokuja, chini ya dirisha hapakuwa na pa kukanyaga kwa majani. Alizunguka mara mbili akitafuta hata mche mmoja ulionyauka.

"Umeshinda, Mama," akasema, akaketi kwenye ngazi na mabuti yake ya vumbi, akaanza kulia.

"We! Una nini?"

"Nikirudi nyumbani hakuna hata wa kuniuliza nimechelewa wapi. Nilijua utaizidishia maji, itakufa tu. Nilijua utakuja."

Sista akasimama kama aliyepigwa kofi. Miaka yote ile ya kazi, na bado hakumwona mgonjwa aliye binti yake.

"Si ungesema tangu mwanzo?"

"Ungekuja?"

Sista hakuzoea kudanganya wagonjwa. Aliingia ndani, akashusha sanduku kutoka juu ya kabati, akaanza kupanga nguo.

"Mwezi mmoja tu," akasema kwa ukali.

Binti alikuwa mlangoni, anafuta pua kwa kiganja. "Na mimea yako?"

"Ile haitaki mtu. Shika huku, sanduku zito."