Nyumba ya Vyumba Sita

Watu wa manispaa walipokuja kuchora ukutani alama nyekundu ya kubomoa, lipu ilikuwa bado mbichi. Brashi ikazama, rangi ikachuruzika hadi kwenye msingi, na kibarua aliyeishika akamtazama mwenye nyumba kwa haya, kama mgeni aliyemwaga chai kwenye zulia la watu.

"Nisamehe, mama. Nimetumwa."

Mtaa mzima ulimwita Sista, ingawa alikuwa amestaafu uuguzi miaka minane. Kiinua mgongo chake chote kilikuwa ndani ya nyumba ile: vyumba sita, bomba moja uani, choo cha pamoja. Aliponunua kiwanja, mtaa ulikuwa haupitiki. Mvua ikinyesha, maji ya mtaro yaliingia ndani bila hodi. Dada yake alimcheka waziwazi. "Umezika pensheni yako kwenye tope, mdogo wangu." Sista akajenga kidogokidogo. Mwaka huu dirisha, mwaka ujao bati, na wapangaji wakaja: mwalimu wa chekechea, mshona viatu, Mama Pacha na cherehani yake. Kisha lami ikafika. Taa zikawekwa. Ng'ambo ya barabara ukafunguliwa mgahawa wa vioo, na watu ambao hawakuwahi kukanyaga pale wakaanza kuegesha magari mlangoni kwake.

"Umeona?" alimwambia dada yake kwenye simu. "Tope limeota."

Afisa mipango wa manispaa alikuwa kijana ambaye Sista angeweza kumzaa. Alimwamkia vizuri, akamvutia kiti mwenyewe.

"Mtaa wenu umepandishwa hadhi, mama. Upande ule sasa ni ghorofa tatu kwenda juu. Una mwezi mmoja kuleta ramani."

"Ghorofa nitazitoa wapi, baba? Mimi nimejenga dirisha mojamoja."

"Ndiyo maana yupo mwekezaji. Atachukua kiwanja kwa bei ya tathmini."

"Tathmini ya lini?"

Afisa akafunua jalada, akalifunika. "Ya kabla ya lami."

"Lakini lami ipo! Nimekuja hapa juu ya lami!"

"Lami ni ya serikali, mama. Si yako."

Sista alitazama mikono yake. Ilikuwa na saruji kwenye kucha.

"Na nikikataa?"

"Hukatai, mama," alisema afisa kwa upole. "Unachelewa tu."

Sista alipomaliza kutia sahihi ya kuachia kiwanja, afisa akamsindikiza hadi mlangoni. "Ombi dogo. Wapangaji waambie wewe wahame. Wanakuheshimu. Tukienda sisi itakuwa fujo."

Sista akapita mlango hadi mlango, kwa ile sauti aliyoitumia wodini kuwaita ndugu wa mgonjwa pembeni. Mwalimu aliuliza kama alikuwa amekosea jambo. Mshona viatu aliendelea kugonga soli. Nyundo haikukosa hata mara moja. Mama Pacha alizima cherehani.

"Umetuuza, Sista?"

"Hapana, mwanangu."

"Sasa nani katuuza?"

Sista akawahesabu kichwani. Afisa alikuwa mpole, kibarua alikuwa ametumwa, na mwekezaji hakuwahi kumwona hata kivuli. Akabaki amesimama pale, ameshika kitasa cha mlango aliouchagua mwenyewe dukani.

Katapila ilikuja asubuhi ya Jumatatu, vyumba vikiwa vitupu. Sista alikuwa kibarazani na begi moja. Dereva akazima injini, akashuka, akamkazia macho.

"Sista? Wewe si wa wodi ya wazazi? Mwanangu wa kwanza ulimpokea wewe!"

Akamshika mkono kwa mikono yote miwili. Akamweleza kuwa mtoto sasa yuko sekondari, anapenda hesabu. Akauliza afya yake, akambebea begi hadi ng'ambo ya barabara, akaliweka chini taratibu lisichafuke.

"Kaa hapa, mama yangu. Vumbi lisije likakuumiza."

"Ahsante, mwanangu."

Akarudi kwenye katapila, akapanda, akahakikisha Sista yuko mbali vya kutosha. Akampungia. Sista, kwa adabu tu, akanyanyua mkono akampungia pia, na koleo la katapila likausukuma ukuta wa chumba cha kwanza.