Pete Isiyo na Mgongo

Tusifichane: kosa lilikuwa la Meno mwenyewe, na hakutafuta mtu wa kumbebesha. Ni yeye aliyesema, "Jaribu, mama, itaingia yenyewe." Na kweli iliingia yenyewe. Kutoka ndiko kulikoshindikana.

Jina la Meno alilipata kazini. Alikuwa fundi wa meno bandia katika kliniki moja, chumba cha nyuma kabisa. Humo mgonjwa hafiki, ila taya lake la plasta hufika, limeandikwa jina kwa penseli. Mchana kutwa Meno aliishi na mataya ya watu. Aliwajua wanaosaga meno usingizini na wanaotafunia upande mmoja, na akikutana nao barabarani aliwatambua kwa kicheko kabla ya sura. Jioni, tanuri la meno likiwa bado la moto, alilitumia kwa kazi yake mwenyewe: pete za fedha. Daktari alijua, na alinyamaza kwa sharti moja tu.

"Pete zako zisichanganyike na meno yangu," alimwambia. "Siku mgonjwa akitafuna nyama kwa pete ya uchumba ya mtu, mimi na wewe hatutaelewana."

Kuzitengeneza ilikuwa kazi, lakini kuzionyesha ilikuwa adhabu. Alianzia hapohapo mapokezi, kisahani kidogo kando ya miswaki. Wagonjwa waliziangalia kwa mbali, kama vitu vilivyotolewa mdomoni mwa mtu. Akazipeleka kwenye duka la zawadi la hoteli, wakamwambia ni nzuri sana ila zinafanana na pete za pazia. Duka jingine lilizipokea kwa mikono miwili. Aliporudi kuuliza habari, alizikuta vidoleni mwa mwenye duka na mashemeji zake, na wote kwa kauli moja wakasema bado hazijapata mteja.

"Wewe wifi, si ungewapelekea na mkufu kabisa," mke wa kaka yake alimwambia. "Ungewavika kama mabibi harusi."

Wifi huyo ndiye aliyebaki nyumbani mchana na mama mkwe wake, yaani mama yake Meno. Mdomo wake haukuwa na breki, lakini mikono yake ilikuwa na huruma. Alimwogesha mzee, akambadilisha, akamlisha kijiko kwa kijiko huku akimsimulia umbea wa mtaa mzima, ajibiwe asijibiwe.

Mama alikuwa msusi. Nusu ya wanawake wa mtaa ule walipita kati ya magoti yake wakilia, wakaondoka wakijitazama kwenye vioo vya madirisha. Mgongo ulipomkatalia kukaa siku nzima akisuka, Meno alimletea nta na kisu kidogo cha kuchongea meno, ili tu asikae bure. Mama akaigeuza ile nta mikononi.

"Kichwa chake kiko wapi hiki?" akauliza.

"Ni pete, mama. Haina kichwa."

"Basi nitajua mwenyewe."

Akaanza kuisuka. Alisuka kwa ncha ya kisu, mistari myembamba kama ya nywele, mmoja ukipanda juu ya mwingine, ikazunguka pete nzima na kurudi ilikotoka. Pete nyingi zina uso na mgongo. Ule upande wa kiganjani huachwa mtupu, kwani nani atauona? Mama hakuacha mgongo. Meno alipomwambia asijisumbue na huko, alikasirika kidogo.

"Kwani mimi namsuka mtu utosini, kisogo namwachia nani?"

Sasa, kazi ya nta haina marudio. Unaizika ndani ya plasta, unaitia tanurini, nta inayeyuka na kutoka, inaacha uwazi wenye umbo lake, na humo ndimo unamomwaga fedha. Fedha ikikubali, una pete. Ikikataa, huna pete na nta huna. Meno alipokuwa anajifunza, fedha ilimkataa sana. Mara itoke na matundu, mara iishie njiani. Hakujali, maana mama alikuwepo na alichonga nyingine. Halafu ugonjwa wa kusahau ukaingia nyumbani polepole, kama mgeni anayeleta begi moja leo na jingine wiki ijayo, mpaka siku unashtuka anaishi kwako. Meno alipokuja kuimudu fedha sawasawa, mama alikuwa hajui tena kisu ni cha nini. Kati ya nta zote alizochonga, pete iliyotoka nzima ilikuwa moja.

Hiyo ndiyo Meno aliyoiweka katikati ya pete zake, kwenye kitambaa cheusi, asubuhi aliyokwenda kwenye duka la kabati la kioo.

Mafundi wote wa mapambo waliliota kabati lile. Lilisimama dirishani, likitazama barabara. Kila mwezi mwenye duka aliweka humo kazi ya fundi mmoja tu, na jina lake chini. Ukishakaa pale, watu ndio wanaokutafuta. Mwenye duka alikuwa mama mtu mzima, mrefu, mpole wa sauti na mkali wa jicho. Kiyoyozi cha dukani kilipuliza baridi hata binti aliyemsaidia alivaa sweta.

Mama yule aliziinua pete moja moja, akazisogeza kwenye kioo cha kukuzia.

"Kazi yako hii?"

"Yangu, mama."

"Safi. Zimenyooka, zimeng'aa, hazina doa." Akasita. "Lakini usinichukie nikikuambia kitu."

"Sikuchukii."

"Zinanichekea."

Binti wa duka akaziba mdomo kwa mkono wa sweta. Meno akajikaza kisabuni, akatabasamu naye. Alipoziangalia tena akaona ni kweli: zimejipanga pale juu ya kitambaa, nyeupe, sawasawa, kama taya la juu.

Kisha mwenye duka akaishika ile ya katikati. Aliizungusha. Akaizungusha tena, kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba.

"Mgongo wake uko wapi?"

"Haina."

"Nani kachonga?"

Neno "mimi" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Meno akalimeza. "Mama yangu. Mimi nilimwaga fedha tu."

"Nipatie sahani moja ya hizi," mwenye duka alisema taratibu, "na kabati la dirishani ni lenu. Nitayaandika majina yenu wawili."

Ndipo furaha ikampanda Meno kichwani, akasema lile neno la kujaribu.

Hapa inabidi ujue Meno alivyofanya. Nta aliyompa mama yake aliitengeneza juu ya kidole cha plasta, kidole cha mama mwenyewe, akaifuatisha kila bonde na kila kilima. Ndivyo alivyofundishwa. Kwenye jino, nafasi ya unywele ni dhambi: chakula kitaingia, jino litaoza, mgonjwa atarudi na matusi. Kwa hiyo hakuacha nafasi. Lakini jino halivimbi. Kidole kinavimba kwa joto, kwa kazi, hata kwa hasira, na pete lazima iachiwe pa kupumua. Katika baridi ile ya duka, pete ilipita kifundo cha kidole kwa shida ndogo tu, ikakaa shinani mwake kama imezaliwa hapo.

"Jamani," mwenye duka alisema, akinyoosha mkono mbele yake. "Jamani."

Hapohapo gari la mzigo likafika. Mwenye duka akatoka juani, akagombana na dereva juu ya sanduku lililovunjika, akasaidia kubeba yaliyobaki. Aliporudi, jasho linamtiririka, kidole kilikuwa kimejaa pande zote mbili za pete.

Walijaribu sabuni. Walijaribu maji ya baridi. Wakamwambia ainue mkono juu, akakaa hivyo kwenye kiti kama mwanafunzi anayejua jibu.

"Mama, kinabadilika rangi," binti alisema.

Meno akatoa kwenye mkoba uzi wa kusafishia meno, uzi ambao maisha yake yote haujawahi kukosa pa kupita. Chini ya pete ile haukupita.

"Twende hospitali?"

"Hospitali wataikata vilevile," mwenye duka alisema, "tena bila kujua wanakata nini. Koleo unalo?"

Meno alikuwa nalo. Lilikuwa la kukatia waya za meno, dogo, kali. Akaugeuza mkono wa yule mama, kiganja juu, apate mahali pa kukata pasipoonekana. Nywele zilipita hapo pia. Akaugeuza upande, zikapita. Kila alipoweka koleo aliona mstari ambao mama yake aliuinamia, ulimi nje kidogo ya meno, dirisha likiwa nyuma yake. Akaliondoa koleo, akaliweka pengine, akaliondoa tena.

"Mwanangu," mwenye duka alisema polepole. Midomo yake ilikuwa mikavu. "Ningekuwa na namna ningekaa nayo. Kata."

Akakata. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ukucha. Kisha akashika ncha mbili kwa koleo lake na jingine la dukani, akaitanua, na nywele zikafumuka huku na huku kadiri fedha ilivyopinda. Damu ikarudi kidoleni. Mwenye duka akalia kidogo, na hakuna aliyeuliza kama ni maumivu.

"Pole, mama."

"Pole wewe."

Binti akasema, "Si unaweza kuunga, dada? Halafu uchukue alama yake, utoe kopi, kama meno?"

Meno akaigeuza pete iliyokatwa. Alikuwa amechukua alama za midomo ya mji mzima, lakini ya pete ile hakuwahi kufikiria.

"Kopi ninazo kabati zima," mwenye duka alimwambia binti. Akamgeukia Meno. "Mama yako yupo?"

"Yupo."

"Basi msalimie sana. Mwambie achonge, safari hii aniachie nafasi ya kunenepa. Kabati nakuwekea mpaka mwezi uishe."

Meno alikunja kitambaa chake. Ilikuwa kweli kwamba mama yupo. Sehemu iliyobaki ya ukweli hakuona aianzie wapi, akaondoka nayo.

Nyumbani wifi alimpokea mlangoni.

"Umeuza?"

"Nimekata."

Wifi akaitazama pete iliyopanuka kwenye kiganja cha Meno, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi mzaha ulimchelewa.

"Ulimwambia hali ya mama?"

"Nilimwambia yupo."

"Wifi."

"Ningesemaje? Kabati lenyewe lile, wifi. Lile la dirishani."

Jumamosi mchana kliniki ilipofungwa, Meno akabaki na nta na kisu. Mstari wa mama aliujua. Aliusoma chini ya kioo mpaka akajua kila mahali kisu kilipoingia na kilipotoka. Akachonga mpaka shingo ikamkakamaa. Safari hii aliacha nafasi ya kupumua, mistari ikazunguka pande zote, ikarudi ilikotoka. Hakukuwa na kasoro ya kuonyeshea kidole. Akaipeleka nyumbani ikiwa bado nta, akamwekea wifi kiganjani bila kusema ni kazi ya nani.

Wifi akaigeuza. Alitaka kuisifu, ilionekana usoni jinsi alivyokuwa anatafuta pa kushika.

"Nzuri," akasema. Kisha akashindwa. "Lakini mtu akiivaa hii itamng'ata."

Wakacheka wote wawili, na kicheko cha Meno kikaharibika njiani. Wifi akaweka pete juu ya meza, akamshika bega.

Jumapili, baada ya chakula, mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, amefunikwa shuka magotini, kichwa kisafi, wifi kamsuka mwenyewe mistari iliyopinda. Meno akaishikilia nta nyingine, isiyochongwa, kiganjani mpaka ikalainika kidogo. Akavuta kiti kidogo, akakaa mbele ya mama yake, chini, akaiweka nta mkono wa kushoto wa mama na kisu mkono wa kulia, akavikunja vidole vyake mpaka vikashika.

Mama akamtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wako, mama."

"Mama yako anajua uko huku?"

"Anajua."

Hilo likamtosha mzee. Akageuka dirishani. Nta ilikaa mkononi mwake kama kitu ambacho mtu mwingine kamwomba amshikie, anakuja sasa hivi. Kisu kikaanza kuteleza, Meno akakirudisha. Nje watoto walikuwa wanagombania mpira. Wifi alisimama mlangoni na kitambaa cha vyombo.

"Mama," Meno alisema. Akaushika ule mkono wenye kisu, akausogeza mpaka ncha ikagusa nta, akauachia. "Sihitaji sahani nzima. Mstari mmoja tu, mama. Nianzishie."