Kiti cha Juani

Lifti ilikwama Jumatatu asubuhi, siku ileile ambayo mavyaa wangu alikuwa ameingoja tangu baridi ianze.

Alikuwa tayari kabisa. Kajipaka mafuta, kavaa sweta lake la kijani, kafunga kilemba, kakaa kando ya mlango na kiti chake cha kukunja kimeegemea magoti. Miezi yote ya baridi hakutoka nje. Nyumba yetu iko ghorofa ya sita, upande wa nyuma, na madirisha yote yanatazama ukuta wa jengo la pili, kwa hiyo jua kwetu tunalisikia kwa majirani tu. Lakini wiki ile hewa ilikuwa imelegea. Mti wa uani ulikuwa umeanza kuchanua, na binti yangu Chiriku, tuliyempa jina hilo kwa sababu mdomo wake haujui kupumzika, alikuwa amemletea bibi yake taarifa kamili: maua meupe, nyuki wamefika, na paka wa msimamizi wa jengo kalala kwenye ile pembe ya ukuta ambapo bibi huweka kiti.

"Huyo paka atahama," mavyaa alisema. "Pale pana mwenyewe."

Maisha yake yote ya kazi alifua mashuka ya hoteli katika chumba cha chini ya ardhi, kwenye mvuke, bila dirisha hata la kuchungulia. Aliapa kwamba akistaafu atakaa juani mpaka jua limchoke. Na kweli, tangu ahamie kwetu, kila baridi ilipokwisha alishuka na kiti chake na kukaa pale uani hadi jioni, akihukumu nguo zilizoanikwa na wake wa watu. Mimi sijawahi kuanika shuka likampendeza hata siku moja. Ana ulimi, na mimi ninao, na tumeishi hivyo miaka yote, tunanuniana asubuhi, mchana tunacheka.

Mwaka huu, hata hivyo, moyo wake ulikuwa umechoka. Miguu ilivimba, na kutoka chumbani hadi jikoni ilibidi apumzike njiani, akisingizia kwamba anatazama picha ukutani. Hakuna aliyethubutu kulisema, ila sote tulijua. Yeye ndiye aliyelisema.

"Nataka jua langu la mwaka huu," alituambia mezani. "La mwakani mtagawana wenyewe."

Chiriku akacheka. Mimi nilijifanya nina kazi kwenye sinki.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mume wangu ni fundi wa lifti. Hata kwa jina hawamwiti, ni Fundi tu, jengo zima. Asubuhi ile alisikia mlio kupitia ukuta wa chumba cha mama yake, maana kitanda cha mavyaa kimepakana na shimo la lifti, akasimama na kijiko cha chai mkononi.

"Breki," alisema. "Imeng'ang'ania. Kitu kidogo sana."

"Basi nenda ukaitengeneze," nilimwambia.

"Haitunzwi na kampuni yetu. Chumba cha mashine kimefungwa, na ufunguo wanao wao. Nikivunja kufuli, nikagusa, kisha mtu akaumia humo, mimi ndiye wa kwenda kujibu. Na leseni yangu kwaheri." Alimgeukia mama yake. "Mama, vua sweta kidogo, utatokwa jasho bure. Kesho watakuja."

Jirani yetu wa mlango wa pili, dereva wa lori, mtu mwenye mabega mapana ajabu, alisikia habari akaja amevaa ndala.

"Fundi, mbona jambo dogo? Tumkalishe Mama kwenye kiti. Wewe shika mbele, mimi nyuma. Tukifika chini chai bado ya moto."

Mavyaa alishaanza kuinuka. Nilimwona. Aliweka mkono kwenye bega la Chiriku, macho yameng'aa.

"Hapana," mume wangu alisema. "Simshushi mama yangu kama kabati. Atashuka kwa lifti, amesimama, kama watu wengine. Ni siku moja tu."

Ningeweza kumrukia. Mume wangu ni mtu mpole, lakini akifika kwenye lifti anakufa na tai shingoni. Katika kazi yake ameona wagonjwa wakibebwa ngazini, na kwake hiyo ni fedheha ya ufundi wote duniani. Jirani alinitazama, mimi nikamtazama mavyaa. Nilingoja aseme neno moja tu, yeye ambaye hana dogo, aliyewahi kunisema juma zima kwa sababu ya foronya. Alikaa tena taratibu.

"Mwanangu anajua mashine zake," alisema.

Jumanne hawakuja. Mume wangu alipiga simu kwa ile kampuni akiwa kazini, akapiga tena alipofika nyumbani, akaweka sauti ya nje ili mama yake asikie mwenyewe. Dada wa mapokezi alikuwa na sauti tamu.

"Fundi yuko njiani, mzee. Tunaomba uvumilivu."

Alikata simu, akakaa anaitazama.

"Si ndiyo mnavyowaambia wateja wenu kila siku?" nilimuuliza.

Mavyaa ndiye aliyecheka, hadi akakohoa, na kikohozi hakikutaka kumwachia. Nilimshika mgongo. Chini ya sweta niliihisi mifupa yake, nikaogopa. Tangu lini amekuwa mwepesi namna hii?

Jumatano mume wangu alichukua sanduku la vifaa akatoka bila kuaga. Nilimfuata mpaka juu kabisa, kwenye mlango wa chumba cha mashine. Alikuwa amesimama mbele ya kufuli, kufuli la kawaida ambalo hata Chiriku angelifungua kwa pini, na bisibisi iko mkononi. Alisimama pale muda mrefu. Kisha akairudisha bisibisi kwenye sanduku, akaliweka mahali pake hasa, kwa utaratibu wake uleule wa kila siku unaonitia wazimu.

"Siwezi," alisema.

"Basi mwite jirani mumbebe. Leo hii. Baba Chiriku, nakuomba."

"Jirani amesafiri na lori. Anarudi Ijumaa." Alipangusa uso kwa kiganja. "Ijumaa tutambeba. Nimekubali, sawa? Ijumaa."

Nilitamani kumtukana, nikashindwa hata kupata tusi la kumtosha. Tulishuka ngazi pamoja. Mlangoni tukamsikia Chiriku ndani anamsimulia bibi yake kwamba mti sasa umechanua wote, hadi matawi ya chini, na kwamba paka bado hajahama.

"Mwambie nakuja," mavyaa alikuwa akisema. "Mwambie asizoee."

Alhamisi asubuhi hakuamka kuvaa sweta. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu, na kila pumzi aliivuta kwa nguvu. Daktari alipanda ghorofa zote sita kwa ngazi, akafika mlangoni naye anahema, ikabidi nimpe maji kabla hajampima mgonjwa. Alimsikiliza kifua, mbele na nyuma, kisha akatuita jikoni.

"Moyo umefika mwisho wa nguvu zake," alisema. "Hospitali nitawapa kitanda mkitaka, lakini hakuna watakachoongeza ambacho hamwezi kumpa hapa. Na yeye ameniambia hataki."

"Tunaweza kumshusha uani?" nilimuuliza. "Kidogo tu. Kwenye kiti."

"Mama, hata kumkalisha kitandani ni hatari. Alale tu. Asitikiswe."

Mume wangu aliuliza kama alisikia vizuri. Daktari alirudia maneno yaleyale, polepole. Mume wangu akaitikia kwa kichwa, akaitikia tena, akaendelea kuitikia hata daktari alipokuwa ameshaanza kuvaa koti.

Ijumaa jirani alirudi, akaja moja kwa moja na ndala zake, anapiga makofi, "Haya, Mama yuko wapi?" Nilimfungulia mlango. Alinitazama usoni, akashusha mikono, akarudi kwake bila kuuliza. Lile pande la mtu lilisikika likilia kupitia ukuta.

Lifti ilitengenezwa Jumamosi. Alikuja kijana mchangamfu, anapiga mluzi, hata chai tuliyomkaribisha alikuwa hajaipoza akamaliza kazi.

"Breki tu, kaka," alimwambia mume wangu. "Ilikuwa imeng'ang'ania."

"Najua," mume wangu alisema. "Ahsante."

Alipoingia ndani alikwenda akaketi sakafuni kando ya kitanda cha mama yake, mgongo kwenye ukuta wa shimo la lifti, na lifti ikawa inapita nyuma ya kichwa chake, juu, chini, watu wanarudi na mizigo yao. Mavyaa alikuwa amefumba macho.

"Imepona," alisema.

"Nisamehe, Mama. Ningekubeba siku ile. Nisamehe."

"Ungenibeba ungeniangusha. Tangu mdogo huna mikono." Alimtafuta kichwa kwa vidole mpaka akakipata. Mwanamume mzima alilia kama mtoto wa chekechea, na mimi niliyekuwa nimemwekea maneno makali juma zima niliyaacha, nikageukia nguo za kukunja. Nilikunja nguo. Nilikunjua, nikakunja tena.

Jumapili ilipambazuka na jua tele. Hata sisi wa nyuma tuliuona mwanga wake, umepaka ncha ya ukuta wa jengo la pili. Mavyaa aliuona pia. Aliuliza kiti chake kiko wapi.

"Kiko mlangoni, Bibi," Chiriku alisema. Tangu Jumatatu hakuna aliyethubutu kukiondoa.

"Kishusheni. Kikae juani. Kiti kisipopata jua kinaoza."

Mume wangu alinitazama. Nilimpa ishara aende. Alikibeba, Chiriku akamfuata, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alitoka mlangoni kimya. Mimi nilibaki. Nilipanda kitandani, nikajilaza kando ya mavyaa wangu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya hata siku moja. Tukaisikia lifti ikija, ikifunguka, ikijifunga, ikishuka ndani ya ukuta.

"Wamefika chini," alinong'ona.

"Wamefika, Mama."

"Sasa wanagombana na paka."

Tulikaa hivyo. Pumzi zake nilizihesabu bila kutaka, nikajilazimisha kuacha. Nilitaka kumwambia kitu kuhusu shuka, kwamba hili alilolalia nililianika kama alivyonifundisha, pindo na pindo. Badala yake nililinyoosha pindo lililokuwa limekunjika chini ya bega lake.

Muda ukapita, kisha lifti ikapanda. Safari hii ilipanda moja kwa moja, haikusimama popote. Mume wangu aliingia karibu anakimbia, kiti amekikumbatia kifuani, kimekunjuliwa, petali nyeupe imenasa kwenye mguu wa kiti. Alikisogeza hadi kwenye ubavu wa kitanda. Akauchukua mkono wa mama yake, akaulaza kwenye kitambaa cha kukalia.

Mavyaa alifumba macho. Vidole vyake vilitandaa taratibu, kama anavyopima shuka kama limekauka.

"Kina moto," alisema.

Chiriku alisimama na kidole mdomoni. Mavyaa aliuacha mkono pale, muda, muda, uso umetulia, mpaka nikadhani amelala. Kisha akaukunja.

"Kimepoa."

Mume wangu alibeba kiti, akashuka tena.