Nenda Ukakaze

Ethel alirudi kazini kabla matanga ya kaka yake Lameck hayajaanuliwa, na Kitangari nzima ikamsema. Marehemu hajapoa kaburini, walisema, naye ameshavaa kofia ngumu anashuka bonde la Lukuledi, kwenye kisima kile kile cha gesi kilichomuua. Mama yake, Mama Lameck, hakumlaumu. Alimfungia muhogo wa kuchemsha kwenye mfuko, akamwambia, "Usiache kazi. Ukiacha, nani atakuwa karibu naye?"

Ethel alijua anasemwa nani. Ni Injinia Dunstan, mkuu wa kisima.

Kampuni ilikuwa ikitafuta gesi iliyonaswa ndani ya mwamba, chini sana ya bonde. Walichimba kwenda chini, kisha wakakikunja kisima kikalala, kikapenya katikati ya mwamba. Baada ya hapo walikigawa vipande, na kila kipande wakakisukumia maji yenye mchanga kwa presha kubwa hadi mwamba upasuke. Mchanga ulibaki kwenye nyufa ukizizuia zisijifunge, gesi ipate njia ya kutoka. Kazi hiyo ya kupasua ilikuwa ya Ethel. Lameck alikuwa fundi wa mabomba ya juu.

Siku aliyokufa, Ethel alikuwa amekwenda Masasi mjini kufuata vipuri. Maungio ya bomba yalianza kuvuja. Kuzima pampu katikati kungeacha mchanga umejaa kisimani na kukiharibu kipande kile, na Dunstan hakutaka kuharibikiwa. Alimwambia Lameck kwenye redio, "Nenda ukakaze." Bomba likafumuka. Lameck alifia pale pale. Mudathiri, mwenzake wa kutoka Mnyambe aliyekuwa nyuma yake, alipoteza jicho.

Wakubwa walipouliza, Dunstan alisema Lameck alivuka utepe mwekundu unaozuia watu wasisogelee bomba, kwa ubishi wake, hakutumwa na mtu, na ndiye aliyemponza mwenzake. Mudathiri alikuwa amezimia muda mrefu, hakukumbuka kitu. Basil, mwendesha pampu, alikuwa amesikia kila neno. Alimnong'oneza Ethel msibani, kisha akamwomba asimtaje, kwa kuwa alikuwa na watoto wa kulisha.

Uongo ule ulipanda hadi Kitangari ukafika kabla ya jeneza. Kwenye bomba la maji la kijiji, wanawake walisogeza ndoo zao Mama Lameck alipokaribia. Mudathiri alipita mbele ya nyumba yake bila kumwamkia.

Basi Ethel akangoja. Hakwenda kushtaki, kwani angepeleka neno lake peke yake dhidi ya neno la mkubwa. Alifanya kazi. Kisima cha kwanza kilitoa gesi kidogo, na alijua sababu: vipande vilikuwa virefu mno na matundu ya kupitishia maji yalikuwa mengi mno, maji yakakimbilia matundu ya mwanzo na kuyaacha mengine makavu. Dawa ya Dunstan ilikuwa kuongeza presha tu. Kwa kisima cha pili Ethel alichora mpango mwingine, vipande vifupi, matundu machache na madogo, maji yalazimike kugawana sawasawa. Dunstan aliuchukua mpango huo hadi Dar es Salaam akasema ni wake, akasifiwa. Ethel aliposikia alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba. Alitaka Dunstan apande juu kwanza. Mtu akianguka kutoka chini haumii.

Wakubwa walikuja kuangalia kipande cha mwisho kikipasuliwa. Walisimama ndani ya kontena la kuongozea, karibu na meza ya Basil, na Ethel akafungua spika ya redio ili wageni wasikie kazi inavyokwenda. Asubuhi nzima presha ilitulia vizuri. Kisha sauti ya fundi wa nje ikasema, "Maungio ya bomba kubwa yanadondosha maji."

Ethel aliweka kidole juu ya swichi ya kuzimia.

"Usizime," Dunstan alisema. "Tunakaribia kumaliza. Mtume mtu akakaze."

Moyo wa Ethel ulipiga kwa furaha, na hakuionea aibu furaha hiyo.

"Nimtume nani, mzee?"

"Yeyote. Ni kukaza tu, si kazi kubwa."

Ethel alichukua spana kubwa ukutani akampa mkononi. "Basi nenda ukakaze."

Dunstan alicheka kidogo, akiwatazama wageni. "Binti, presha ile inaua mtu."

"Lameck ulimtuma."

"Hakutumwa. Alikwenda mwenyewe."

Basil aligeuza kiti. "Ulimtuma, mzee. Nilikuwa nimekaa hapa hapa. Alikuomba tuzime kwanza, ukamwambia asikucheleweshe."

Nje, mafundi wote walikuwa wamesimama mbali na bomba, redio zikiwa masikioni. Dunstan alitazama uso mmoja baada ya mwingine, kisha labda kwa kiburi, labda kwa kukosa pa kujificha, akatoka na spana.

Ethel alimwangalia kupitia dirishani. Kidole chake kilikuwa bado juu ya swichi, na hakukibonyeza. Alitamani avuke utepe. Alitamani bomba lifanye kazi yake. Dunstan alifika kwenye utepe mwekundu, akainama apite chini yake, akasita. Akakaa chini kwenye vumbi, spana mapajani.

Hapo Ethel akabonyeza. Pampu zikanyamaza.

Walipoyafungua maungio walikuta mpira wa ndani umeliwa na mchanga karibu wote. Kipande kile kiliharibika, lakini vingine vilitosha. Gesi ilitoka kwa nguvu ambayo kisima cha kwanza hakikuikaribia. Mkubwa wa wageni alimuuliza Ethel anataka nini.

"Dunstan aje Kitangari," alisema. "Akaseme kwa mdomo wake."

Alikuja Jumapili, baada ya ibada, mkubwa yule akiwa nyuma yake. Uwanja ulikuwa umejaa watu, Mudathiri miongoni mwao. Mama Lameck alikuwa amekaa mkekani akichambua korosho.

"Shikamoo, mama," Dunstan alisema.

Hakuitikia. Aliendelea kuchambua.

Dunstan alisema kwamba yeye ndiye aliyemtuma Lameck, na kwamba Lameck aliomba pampu zizimwe.

"Rudia," alisema Mama Lameck bila kuinua kichwa. "Waliosogeza ndoo wako kule nyuma. Hawakusikia."

Alirudia. Mudathiri alikuja mbele, akasimama kumkabili, akamtazama kwa jicho lake moja hadi Dunstan akageuza uso. Hakuna aliyempa kiti wala maji ya kunywa.

Ethel alimsindikiza hadi garini ili ahakikishe ameondoka.

"Umeridhika sasa?" Dunstan alimuuliza.

"Bado," Ethel alisema. "Lakini kesho mimi ninashuka Lukuledi. Wewe hushuki."

Akamfungia mlango wa gari, akarudi kumsaidia mama yake kuchambua korosho.