Jina Lililopanda Lori

Leonidasi alijua jibu kabla karani hajafungua mdomo. Asmahani alikuwa na namna yake ya kuvuta pumzi kila anapotaka kumnyima mtu kitu.

"Hayupo, kaka. Nimetafuta Aline Havyarimana. Sifuri."

Aline, mdogo wake, aliketi kwenye benchi, bahasha ya chuo cha uuguzi mapajani. Jumatatu alitakiwa aripoti Kibondo na namba ya kitambulisho. Asiye na namba, nafasi yake anapewa mwingine. Leo ni Ijumaa, saa nane mchana, na ofisi hii ya usajili Kasulu hufungwa saa tisa na nusu.

"Nani kakwambia anaitwa Havyarimana?" Leonidasi akamuuliza karani.

"Si jina la baba yenu?"

"Ni la baba. Kwetu sisi tuliotokea Burundi kila mtoto hupewa lake siku anapozaliwa. Huyu ni Niyonzima. Wewe umeona kisanduku cha ukoo kitupu, ukakijaza kwa kichwa chako."

"Haya makubwa! Kwetu mtoto asiyebeba jina la baba, majirani hunong'ona."

"Wanong'one. Mashine hainong'oni, dada. Umeiuliza Aline wa Havyarimana. Swali limekwenda mpaka kompyuta kubwa iliyoko Dar es Salaam, ikafungua faharasa kwenye H, haikumkuta, ikarudi mikono mitupu. Haijakosea. Imejibu swali la kijinga kwa adabu."

Hayo Leonidasi hakufundishwa na mtu. Aliyachokonoa mwenyewe katika kibanda chake cha kutengeneza simu, kwa kompyuta iliyotupwa na shirika moja.

Asmahani akabetua midomo, akaandika Aline Niyonzima. Kiduara kikazunguka weee, mistari ikashuka. Akaipitishia kidole: mmoja wa Gwarama, mmoja wa Kibondo, mwingine bibi wa miaka sabini.

"Hayupo."

"Soma chini pale."

"Ishirini kati ya mia moja arobaini na tatu."

"Sasa umetazama ishirini, unafunga hesabu? Wewe hukupata kupanga foleni ya mgawo wa chakula pamoja na shangazi yetu, kambi ya wakimbizi Mtabila. Walikuwa wanaita watu ishirini wavuke kamba. Sisi wengine tunabaki juani na viroba vyetu. Ina maana hatukuwapo? Mashine nayo haileti wote kwa mkupuo, itaelemewa. Inaleta ishirini, inangoja. Bonyeza mbele, wavuke wengine."

Ukurasa wa pili. Wa tatu. Kila mbonyezo ulikuwa safari ya kwenda Dar es Salaam na kurudi, na mtandao wa Kasulu hutembea kama mgonjwa. Walipofika wa nne ukakatika. Uliporudi, skrini ikawatupa mwanzo.

"Tulikuwa wa nne!" Aline alisema.

"Kule hawamshikii nafasi aliyetoka kwenye foleni," kaka yake akajibu. "Swali linaulizwa upya."

Saa tisa na dakika kumi ukafunguka ukurasa wa sita. Aline Niyonzima, 2005, Titye, baba Stanislaus Havyarimana.

"Mimi huyo!" Aline akasimama, akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu asubuhi.

Asmahani hakucheka. Kidole chake kilikuwa kimefika safu ya mwisho. Hali: ameondoka nchini, 2012.

Leonidasi hakuhitaji kuambiwa. Mwaka ule alikuwa na miaka kumi na minne. Aline, wa miaka saba, alikuwa amekwenda kumtembelea shangazi yao kambini Mtabila, wiki zile za kuifunga, wakimbizi wakirudishwa Burundi kwa malori. Wakamwandika pamoja na watoto wa shangazi, wakampakia. Baba, Leonidasi nyuma yake, alikimbia kutoka kijijini kwao Titye, akamshusha mtoto lori likiwa linanguruma. Mwenye orodha alisema, "Nitamkata jina." Leonidasi aliiona kalamu yake. Ilikuwa sikioni, na ilibaki sikioni. Mtoto akashuka, jina likaenda. Miaka baadaye orodha za kambi zikamiminwa humu kwenye mashine na watu wasiowahi kuuliza.

"Aliyeondoka hapewi namba," Asmahani alisema taratibu. "Kitufe chenyewe kimezimwa."

"Si huyu hapa mbele yako?"

"Mimi namwona, kaka. Mashine niiulizeje sasa, nawe ndiye mwenye maswali?"

Leonidasi akaisoma tena safu ile ya mwisho. Swali lilikuwa sahihi. Jibu lilikuwa limeletwa kama lilivyoandikwa.

"Andikeni barua makao makuu," Asmahani akasema. "Majibu huchukua miezi minne. Mitano."

Mlinzi akatikisa funguo mlangoni. Aline hakulia. Alisogea dirishani, akanyoosha bahasha yake.

"Nichapie ukurasa huo, dada. Nataka nijue jina langu lilifika wapi."

Karatasi ikatoka ikiwa bado moto. Akaikunja mara mbili, akaitia pamoja na barua ya chuo, wakashika njia ya Titye.